Cherehani ya Miguu Minne

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwa woga, la hasha, ni kwa adabu tu, maana wenyewe hawapendi kutajwa kabla ya kuarifiwa kwa barua yenye mhuri. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina bendera, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba. Na juu ya yote ina mahakama ambayo haijakosea hata siku moja tangu iundwe, kwa sababu tangu iundwe imeamua kesi moja tu, na zote zilizofuata imeziamua kwa kuitazama ile ya kwanza.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mbuzi. Mkulima mmoja alimshitaki Jumbe wa kijiji chake kwamba amemchukulia mbuzi. Jumbe akasema mbuzi ni wake. Mashahidi wakaja, wa huku wakaapa na wa kule wakaapa. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, bati la mahakama lilikuwa na tundu, na Jaji wa Kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa na mafua makali. Maji yanamchuruzikia kisogoni, karani anamshikia mwavuli, naye anapiga chafya. Alipopiga ya tatu akauliza, "Jana mbuzi alilala wapi?" Wakamjibu, "Kwa Jumbe." Hapo akatamka maneno ambayo watoto wa nchi ile huyakariri shuleni kabla ya uji: "Kwa kuwa nina mafua, na kwa kuwa mbuzi jana alilala kwa Jumbe, mbuzi ni wa Jumbe. Tufunge." Akaenda zake nyumbani kujifukiza.

Majaji waliomfuata walikuwa wanyenyekevu ajabu. Kila mmoja alijiuliza yeye ni nani hata ajue kuliko aliyemtangulia. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika ni kipande kipi cha hukumu ile kilikuwa sheria na kipi kilikuwa mafua, wakaona usalama ni kuifuata yote. Mahakama mpya ilipojengwa kwa marumaru, mwashi aliagizwa aache tundu juu ya kiti cha jaji. Kiangazi kikiingia, mtumishi mwenye cheo cha Msaidizi wa Mvua hupanda darini na ndoo. Karani hushika mwavuli. Jaji huvutishwa ugoro ili apate chafya tatu, na jaji akiambulia mbili tu, hukumu yake hukatiwa rufaa.

Na mambo yalikwenda vizuri, nani aseme uongo? Kiwanja cha shule kilionekana kuwa mbuzi kwa sababu kina majani, na kwa kuwa kilikuwa kimelala kwa mheshimiwa fulani, kikawa chake. Gari la wagonjwa lilionekana kuwa mbuzi kwa sababu lina sauti, nalo lilikuwa limelala kwa mganga mkuu miaka miwili mfululizo. Masanduku ya kura yalipolala kwa mgombea mmoja, wenzake walikwenda mahakamani na mawakili sita. Shauri lao lilichukua muda wa chafya tatu.

*

Sasa katika nchi hiyo, Mtaa wa Bondeni, aliishi fundi mmoja wa nguo aitwaye Siwatu. Mwanamke wa makamo, mwembamba, mdomo wake umezoea kubana pini kuliko kusema. Cherehani yake aliachiwa na marehemu mama yake: nyeusi, meza ya mbao, miguu minne ya chuma, na pedeli iliyolainika kwa nyayo za watu wawili, mama na mwana. Siwatu hakuwa na mume wala shamba. Alikuwa na cherehani. Akiamka huifuta vumbi kabla hajanawa uso.

Lazima niseme na hili, maana litatufaa mbele. Siwatu ndiye aliyekuwa anatia viraka joho la mahakama. Nasema joho, moja. Jaji wa Kwanza alivaa joho lile, na kwa kuwa sheria haikusema joho lolote jeusi litafaa, majaji wote kumi na wanne wa nchi walivaa lile lile kwa zamu. Mmoja akitoa hukumu, kumi na watatu wamekaa ukumbini na fulana wanasubiri. Ndiyo maana kesi zilichelewa, si uzembe kama wanavyosema watu wenye vijicho. Na kiraka cha kwanza kabisa cha joho hilo alikitia mama yake Siwatu, kwa hiyo vilivyofuata havikuweza kutiwa na mtu mwingine ila damu yake.

Basi wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, Siwatu amekwisha kata sare thelathini na mbili za watoto wa mtaa, akapigiwa hodi na Bwana Tindwa. Huyu alikuwa Msimamizi wa Utulivu wa Mtaa, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, zote hazina wino. Nyuma yake walikuwa wapagazi wawili.

"Cherehani inachukuliwa kwa ukaguzi," alisema Bwana Tindwa.

"Ukaguzi wa nini?"

"Wa mtikisiko, mama. Kila ukikanyaga hiyo pedeli ardhi inatikisika. Leo ardhi, kesho watu. Nchi yetu ni ya utulivu."

"Itarudi lini?"

"Ikitulia," alisema Bwana Tindwa, akawaashiria wapagazi.

Siku ya tatu Siwatu alipita nje ya nyumba ya Bwana Tindwa, akachungulia dirishani. Cherehani ya mama yake ilikuwa sebuleni, imetandikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pamewekwa televisheni na chombo cha maua ya plastiki. Ilikuwa imetulia kabisa. Siwatu alisimama pale barabarani, roho inamuuma, mpaka mke wa Bwana Tindwa alipokuja kuvuta pazia.

Jirani yake, Mzee Chakupewa, alimwona anarudi na kanga amejifunga kiunoni, akajua mambo si mambo. Mzee huyu alikuwa na mbuzi mmoja jike aitwaye Mashavu, na alikuwa anamlaza chumbani kwake, miguuni pa kitanda, kwa kuwa yeye ni mtu anayeijua sheria.

"Shikamoo, mzee. Naenda mahakamani."

"Marahaba, mwanangu. Usiende. Huko ukienda na kuku utarudi umeambiwa ni mbuzi, na mbuzi mwenyewe hatakuwa wako."

"Nina sare za watoto thelathini na wawili, mzee. Na ile ni ya mama."

Mzee Chakupewa alimtazama, akamwona si wa kurudishwa. Akaingia ndani akavaa koti, akamsindikiza.

*

Kesi ilitajwa mbele ya Jaji Lihumbo, ambaye zamu ya joho ilikuwa yake. Chini ya kiti chake alikaa Bwana Nyambuka, Karani Mkuu wa Yaliyokwisha Kuamuliwa, ambaye kazi yake ilikuwa kushika mwavuli kwa mkono wa kushoto na kitabu kwa mkono wa kulia. Kitabu kilikuwa kikubwa na kilikuwa na ukurasa mmoja.

"Kwanza tufananishe," alisema Karani Nyambuka. "Mlalamikaji, hicho unachokidai kina miguu mingapi?"

"Minne," alisema Siwatu.

Watu ukumbini wakaguna. Mzee Chakupewa akafumba macho.

"Kina kichwa?"

Siwatu alikuwa mkweli, ndiyo kasoro yake. "Ile ya juu, yenye sindano, sisi mafundi tunaiita kichwa."

"Kinakula nini?"

"Hakili kitu, bwana. Ni chuma."

"Mheshimiwa Jaji, nimeshuhudia kwa macho yangu kitambaa kikiingia upande huu na kutokea upande wa pili. Kinakula nguo. Na mbuzi hula nguo. Mimi mwenyewe nimeliwa shati."

"Lako au la serikali?" aliuliza Jaji.

"La serikali, Mheshimiwa."

"Basi hilo limethibitika," alisema Jaji Lihumbo. "Kinachodaiwa ni mbuzi. Jana mbuzi alilala wapi?"

Bwana Tindwa alisimama akafunga kifungo cha koti. "Kwangu, Mheshimiwa. Sebuleni. Chini ya televisheni."

Siwatu hakukubali kukaa. Alisema ile ni cherehani, aliachiwa na mama yake, mtaa mzima unajua, na shule zinafunguliwa. Alisema Bwana Tindwa hajui hata kutunga uzi sindanoni. Sauti yake ilitetemeka, akachukia kwamba inatetemeka, akasema zaidi.

Jaji Lihumbo alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu mpole. Kisha akasema, "Mama, Mahakama hii inakusikitikia kwa dhati, ndani ya mipaka iliyowekwa. Lakini elewa jambo moja. Sisi hapa hatuamui mambo. Mambo yalikwisha kuamuliwa. Jaji akianza kuuliza kitu ni cha nani kwa haki, kesho atauliza na kiti alichokalia ni cha nani, na keshokutwa hatutakuwa na pa kukaa. Mimi ni mfereji, mama. Maji yanapita tu."

Msaidizi wa Mvua akamwaga ndoo. Karani akainua mwavuli. Jaji akavuta ugoro, akapiga chafya ya kwanza, akapiga ya pili, akaanza, "Kwa kuwa nina mafua," na ya tatu ikamjia kwa nguvu kuliko alivyotarajia. Joho likapasuka kutoka kwapani mpaka kwenye pindo, na mkono wa kulia ukang'oka ukamwangukia Karani kichwani.

Karani Nyambuka alijitoa mkono wa joho usoni, akafungua kitabu, akasoma ule ukurasa mmoja mbele na nyuma.

"Mheshimiwa, siku ile ya mbuzi joho lilikuwa zima. Hukumu haiwezi kumaliziwa katika joho lililopasuka. Hatujui ingekuwa sheria au ingekuwa maoni yako tu."

Jaji Lihumbo alisikia neno maoni akajishika kifua. "Mungu apishe mbali. Tunaahirisha. Joho liende kwa fundi, lirudi kesho asubuhi. Fundi ni nani?"

Siwatu akanyoosha mkono.

Wote wakamtazama, kisha wakamtazama Karani. "Kuna lolote kuhusu mgongano wa maslahi?" aliuliza Jaji. Karani alisoma tena. "Hakuna, Mheshimiwa. Kesi ya Mbuzi haikuutaja. Kwa hiyo katika nchi hii haupo."

*

Siwatu alilibeba joho kwapani akarudi nalo nyumbani. Lilikuwa zito, lina viraka juu ya viraka, na vya zamani aliweza kuvitambua kwa mkono: hiki cha mama, hiki chake alipokuwa bado anajifunza, kimepinda. Bila cherehani hakuweza kulishona sawasawa; kitambaa kizito namna ile hakikubali mkono mtupu. Akalipiga bandi, ule mshono mrefu wa muda ambao fundi huutia ili kushikiza nguo isiachane kabla hajaishona kweli. Ubavu bandi, bega bandi. Kwa mbali lilionekana zima.

Alasiri alikuwa amemaliza. Akalikunja, akavaa viatu awahi kulirudisha ofisi hazijafungwa, maana hapendi kulala na kitu cha watu. Alifika mlangoni, akasimama. Alisimama kwa muda wa kutosha hata Mzee Chakupewa, aliyekuwa anampa Mashavu maganda ya ndizi, akamuuliza kama amesahau kitu.

"Hapana, mzee," alisema Siwatu. "Nimekumbuka."

Akavua viatu, akalirudisha joho ndani, akalitundika kwenye msumari.

Asubuhi Karani Nyambuka alikuja mwenyewe na mwavuli wake. Siwatu alimkaribisha kiti, akampa chai, akamuuliza hali ya nyumbani. Karani akasema wazima, akanywa chai, akasema amefuata joho.

"Joho lipi, bwana?"

"La mahakama. Lile pale msumarini."

"Lile ni langu," alisema Siwatu. "Jana lililala hapa."

Karani Nyambuka alikuwa na kikombe mdomoni. Alikishusha polepole sana. Miaka ishirini na minane alikuwa ameisoma sheria ile kwa sauti, na hii ndiyo mara ya kwanza kuisikia ikitoka kwa mtu aliyeketi kwenye mkeka.

"Mama, joho si mbuzi."

"Lina shingo," alisema Siwatu. "Lina mgongo. Na jana nimeona likikufuata wewe likakuangukia kichwani. Cherehani ilikuwa na miguu tu, mkaipa ubuzi."

Karani aliondoka bila kumalizia chai.

*

Kufika saa nne nchi ilikuwa imesimama. Magerezani waliokuwa watoke hawakutoka, na waliokuwa waingie walikaa getini wanapiga soga na askari. Majaji kumi na wanne walikuwa ukumbini wote na fulana. Mmoja wao, kijana, alipendekeza lishonwe joho jipya. Wakamfungulia madirisha wakidhani ni homa. Askari wawili walitumwa Bondeni walichukue kwa nguvu. Kumbe nao ni watu wa utaratibu, wakaomba hati ya mahakama. Hati husainiwa na jaji, na jaji asiye na joho ni baba wa watu tu.

Mwishowe Jaji Lihumbo alikwenda mwenyewe, kwa miguu, na fulana yake yenye tundu begani. Watu wa Bondeni walitoka milangoni kumtazama. Wengine hawakuwa wanajua kwamba majaji wana mabega. Nyuma yake alikuja Karani, na nyuma ya Karani alikuja Bwana Tindwa, ambaye hakuitwa ila alihisi utulivu umetikisika.

"Mama Siwatu," alisema Jaji, "nimekuja kwako kama mwananchi wa kawaida."

"Karibu, mwananchi. Kaa mkekani."

Jaji alikaa. Kukaa chini kulimpa taabu, magoti yalikuwa hayajazoea. "Hili jambo si la haki, mama. Joho tulikupa ulishone tu. Kila mtu ameona. Haiwezekani kitu kiwe chako eti kwa sababu kimelala kwako. Hiyo ni akili gani?"

Siwatu alitoa pini mdomoni. "Sijui, Mheshimiwa. Mimi ni mfereji."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, walisema wahenga, na Jaji Lihumbo siku ile aliuonja ukiwa umemfika ubavuni. Alifuta uso kwa ncha ya fulana. Bwana Tindwa akaona huu ndio wakati wa kusaidia, akasema fundi awekwe ndani. Karani akamuuliza kwa amri ya nani. Bwana Tindwa akatazama huku na huku, asione mtu mwenye joho.

"Unataka nini?" aliuliza Jaji.

"Unajua ninachotaka. Naikosa kila nikiamka."

"Siwezi kukupa. Ilipolala ndipo ilipo. Nikisema vinginevyo nitakuwa nimeamua, mama, na mimi sijawahi kuamua. Nina watoto."

Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, na Siwatu akamhurumia kidogo, maana aliona kwamba yule mzee anaogopa. Akasogeza mkeka karibu.

"Wala usiamue," alimwambia. "Cherehani si kielelezo cha kesi? Agiza kielelezo kiletwe hapa lilipo joho, nyote mkione kwa macho. Kesho njoo utoe hukumu hapa hapa uani, joho nitakuazima. Utauliza swali lako lile lile moja. Wala usiongeze neno."

Karani Nyambuka alifungua kitabu, akakisoma, akakifunga. "Hakuna kinachokataza," alisema, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alitabasamu.

Cherehani ilikuja jioni ile kichwani mwa wapagazi wale wale, kitambaa cha kufuma bado kimening'inia. Kesho yake uani paliwekwa kiti. Msaidizi wa Mvua alipanda juu ya paa la choo na ndoo yake. Mwavuli ukainuliwa, ugoro ukavutwa, chafya zikatoka tatu kamili. "Kwa kuwa nina mafua," alisema Jaji Lihumbo, na safari hii alikuwa nayo kweli kwa kutembea na fulana, "na kwa kuwa mbuzi jana alilala kwa Siwatu, mbuzi ni wa Siwatu. Tufunge."

Siwatu hakupiga kigelegele. Alikwenda akaiinamia cherehani, akaondoa kile kitambaa, akaweka mguu kwenye pedeli. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Joho akaliacha liende zake bila kulidai tena. Kwamba limeshikizwa kwa bandi hakusema, wala hakuna aliyemuuliza. Sare thelathini na mbili zilikwisha siku moja kabla ya shule kufunguliwa.

*

Laiti ningeweza kukomea hapo. Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Serikali ilifurahi mno. Kitabu cha mahakama kilikuwa kimepata ukurasa wa pili. Waziri alitoa hotuba ya saa mbili kuhusu mageuzi. Ukatolewa waraka kwamba uamuzi mpya hufunika wa zamani, kwa hiyo Kesi ya Mbuzi imestaafishwa kwa heshima zote, na kuanzia sasa mashauri yote yatafananishwa na Kesi ya Cherehani. Wananchi wakapiga makofi kama kawaida yao. Wengine walinunua vikombe vya ukumbusho.

Bwana Tindwa alikuwa mtu wa kusoma waraka. Juma lile lile alikwenda kwa Mzee Chakupewa mchana kweupe, mzee akiwa kisimani, akamchukua Mashavu kwa ukaguzi wa kelele. Mzee aliporudi alikuta kamba.

Alikwenda mahakamani akiwa na matumaini, masikini. Alimwambia Siwatu njiani, "Mimi yangu nyepesi, mwanangu. Yangu ni mbuzi kweli." Siwatu alitembea kando yake akitazama chini. Moyo wake ulikuwa mzito, maana alikuwa amesoma ule waraka uliobandikwa getini, na jina lake lilikuwa juu kabisa.

Jaji Lihumbo alikuwa kitini. Uani pa mahakama paliwekwa mkeka na kikombe cha chai nusu, kwa kuwa katika shauri la Cherehani vilikuwapo. Msaidizi wa Mvua alikuwa juu ya paa la choo kilichojengwa upya kwa ajili hiyo. Mashavu alifungwa kwenye mguu wa meza, akimtazama mzee wake.

"Tufananishe," alisema Karani Nyambuka, akafunua ukurasa wa pili. "Mlalamikaji, hicho unachokidai kina meza?"

"Ni mbuzi, bwana," alisema Mzee Chakupewa.

"Jibu unaloulizwa. Kina pedeli?"

"Ana kwato."

"Kina sindano?"

"Hapana."

Jaji Lihumbo aliinama mbele, akauliza kwa upole, kama anavyotaka sheria, "Mzee wangu, mbuzi wako anashona?"

Mzee Chakupewa alimtazama Jaji, akamtazama Mashavu, akamtazama Siwatu. Alikuwa amevaa lile koti lake, vifungo vyote amevifunga. "Hashoni, Mheshimiwa," alisema. "Hakuwahi kufundishwa."

"Basi hafanani na cherehani hata kidogo," alisema Karani. "Hakuna uamuzi wa awali unaomhusu. Kisheria, Mheshimiwa, mbuzi hajawahi kutokea katika nchi hii."

Bwana Tindwa akaanza kufungua kamba mezani ili aondoke na mnyama wake. Siwatu aliona aibu inampanda kutoka miguuni. Cherehani aliipata yeye, na sasa ndiyo inayomla jirani yake, aliyemvalia koti siku hakuna mwingine aliyemsindikiza. Akaanza kusimama bila kujua atasema nini.

Ndipo Jaji alipovuta ugoro ili afunge shauri. Ya kwanza, ya pili. Bandi ni bandi, na majaji kumi na wanne walikuwa wameipigia chafya zao kwa wiki tatu. Ya tatu ilipotoka, nyuzi zikaachia kimyakimya. Mkono wa joho ukateleza begani, ukashuka, ukatua chini mbele ya Mashavu, naye akaunusa, akaanza kuutafuna.

Watu wote uani wakageuka kumtazama Siwatu. Jaji Lihumbo naye alimtazama, bega lake liko nje, na macho yake yalikuwa ya mtu anayekumbuka mkeka.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo, "litengenezwe haraka, tafadhali."

"Lileteni nyumbani leo," alisema Siwatu. "Na mbuzi aje nalo."

"Mbuzi wa nini?" alifoka Bwana Tindwa.

"Shauri linakwama kwa kuwa hajui kushona. Mimi ni fundi. Nitamfundisha, arudi mbele ya Mahakama anafanana."

Jaji alimgeukia Karani. Karani alisoma ukurasa wa pili, akasoma na ule wa kwanza uliostaafu, akashusha kitabu. Hakuna kinachokataza, alisema. Akachovya kalamu ili aandike amri, kisha akainua kichwa, maana utaratibu ni utaratibu, na fomu ilikuwa na mstari wa kujaza.

"Mafunzo yatachukua muda gani, mama?"

Siwatu alikuwa amekwisha ishika kamba ya Mashavu, na upande wa pili wa kamba ameushika Mzee Chakupewa.

"Usiku mmoja tu," alisema. "Unamtosha."